Safu ya Penseli

Kufika kunaandikwa siku hiyohiyo.
Oktoba, mbayuwayu wa kwanza akikata hewa juu ya bwawa la tatu,
unashika kalamu ya wino, unaweka tarehe, umemaliza.
Kuondoka ndiko kazi.
Hakuna ndege anayetua juu ya ukuta wa zege
akasema: mimi ndiye wa mwisho, niandike.

Kwa hiyo Machi ikiingia nachonga penseli.
Nimeajiriwa kupima kina cha majitaka ya Mwanza.
Yote ambayo Kirumba na Pasiansi wameogea, wamefulia, wamesahau
hunijia hapa Butuja kwa bomba,
na ukingoni, penye tope jeusi linalonuka,
vitwitwi wanakula kama walioalikwa.
Saa kumi na mbili na robo: kina, rangi, povu.
Halafu ukurasa wa nyuma: wao.

Machi 9. Vitwitwi arobaini na mmoja, wanene,
wanene kweli, shingo zimezama mabegani;
mafuta yale ni nauli.
Machi 17. Mvua usiku kucha. Kerem hawaonekani, wanasikika tu,
huko juu, nyuma ya mawingu, wakielekea ziwani.
Machi 26. Buabua mia mbili na kitu,
wengine wameshavaa nyeusi ya harusi.
Nilipofika hapo simu ya Mhandisi Rwegoshora ikalia:
bwawa la pili linafurika, wewe uko wapi?
Nipo, nikasema.
Ndiyo maana ya hiyo "na kitu".

Yangeyange siwaandiki. Kwarara siwaandiki,
wala mfukoshingo anayesimama juu ya paa la pampu kama mdai.
Hao ni wa hapa, kama mimi; kesho watakuwepo.
(Nadhani. Sijawahi kuhakikisha.)

Daftari alilianza Lushinge, mlinzi wa geti,
miaka kumi na moja kabla yangu, kwa mwandiko uliolala.
Aliokosa majina yao aliwabatiza mwenyewe:
Mtikisa-mkia, Shemeji, Karani.
Karani ni yule wa miguu ya kijani
anayekagua tope hatua kwa hatua, haridhiki.
Pembeni mwa Aprili fulani Lushinge aliandika:

    Kitwitwi guu kijiti, tope lako nalijua,
    Waondoka bila cheti, safari waichagua,
    Nami mlinzi wa geti, kazi yangu kufungua,
    Ukirudi tena, keti, jina nitalichukua.

Yeye mwenyewe mara ya mwisho naikumbuka vibaya.
Alikuja kuazima kiberiti, au kukirudisha.
Jumanne, au Alhamisi. Nilikuwa nimeinamia kipimo,
nikamwitikia bila kuinua kichwa.
Wiki ya pili nikauliza. Wakasema yuko Geita kwa bintiye, figo.
Wiki ya sita hakuna aliyeuliza tena.
Nilifunua kitabu cha zamu kuitafuta ile siku:
Aprili 20, sahihi yake. Aprili 21, sahihi yake.
Kisha mkono wa mtu mwingine,
wima, safi.

Basi kila jioni naandika kwa penseli: leo yupo mmoja.
Kesho akionekana nafuta, naandika upya.
Asipoonekana nahesabu siku kumi na nne
ndipo napitisha wino juu ya tarehe ya zamani,
na siku ambayo haikuwa na lolote
inageuka kuwa ile.

Mbayuwayu wa mwisho mwaka huu, Aprili 24,
alikuwa kwenye waya wa taa, akijichana kwapa.
Niliinua kichwa. Nilimtazama mpaka akachoka yeye.

Leo ni Mei 11. Visubi wamesimama ziwani kama moshi,
na wa kuwala wameshapita.
Kitwitwi mmoja bado yupo bwawa la tatu.
Hana kilema ninachokiona.
Labda amechelewa, labda amekataa.
Karatasi pale kwenye mstari wake imekwanguka kwa ufutio,
inaonyesha ukurasa wa pili,
na penseli imebaki urefu wa kidole gumba.